Reli ya Semmering: Matao ya Mawe na Njia za Miguu katika Makorongo ya Adlitz

Kati ya Gloggnitz na Mürzzuschlag, miji miwili midogo ya Austria iliyoko kusini-magharibi mwa Vienna, umbali kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 21, lakini reli iliyojengwa kuiunganisha kati ya mwaka 1848 na 1854 ina urefu wa kilomita 41. Ziada hiyo ilitokana na uamuzi wa mhandisi mmoja, aliyeona kwamba mlima usioweza kupandwa kwa kunyooka utapandwa kwa kuzungukwa, na ndiyo iliyolipatia bonde hili madaraja yake ya matao, mahandaki yake na, baadaye, sifa yake miongoni mwa wanaopenda kutembea milimani. Reli hiyo, inayoitwa Reli ya Semmering kwa jina la kipito inachokivuka, huonekana vizuri zaidi kwa mtembeaji kuliko kwa abiria, kwa kuwa abiria hupita juu ya daraja bila kuliona, ilhali mtembeaji huliona kutoka chini, kutoka juu na kutoka ubavuni, na kwa kulizunguka huelewa kwa miguu yake sababu ya kila kona.

Kipito, yaani mahali ambapo safu ya milima hushuka kiasi cha kuruhusu watu kuvuka, kilikuwapo hapa tangu zamani. Semmering kina kimo kisichofika mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kimo kidogo kwa Milima ya Alpi, nacho kinatenganisha majimbo ya Austria ya Chini na Styria. Mwaka 1728 Kaizari Karl VI aliamuru barabara ya magari ya farasi ijengwe juu yake, ili bidhaa zipite kati ya Vienna na bandari ya Trieste kwenye Bahari ya Adria. Kijiji cha Schottwien, kilichobanwa kati ya magenge chini ya ngome ya Klamm, kiliishi kwa barabara hiyo, kwani kila gari zito lililotaka kupanda lilihitaji farasi wa ziada. Barabara ya pili, yenye mwinuko mpole zaidi, ilimalizika mwaka 1841, na kama si treni huenda ingetosha kwa vizazi kadhaa.

Treni, hata hivyo, ilikuwa tayari mlangoni. Reli kutoka Vienna ilifika Gloggnitz mwaka 1842, na upande wa pili wa mlima reli ya kutoka Mürzzuschlag hadi Graz ilifunguliwa mwaka 1844, hivyo pakabaki pengo la mlima mmoja ambapo abiria walishuka behewani, wakapanda magari ya farasi, wakavuka kipito na kupanda treni nyingine. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kuwa kichwa cha treni cha kawaida, kinachosonga kwa msuguano wa magurudumu laini ya chuma juu ya reli laini ya chuma, hakiwezi kupanda mwinuko wa aina hiyo, na kwamba ingelazimu mabehewa yavutwe kwa kamba kutoka kwenye mitambo iliyosimikwa mahali pamoja.

Aliyekataa rai hiyo alikuwa Carl Ghega, mzaliwa wa Venice wa mwaka 1802, mwenye asili ya Kialbania, aliyehitimu hisabati katika Chuo Kikuu cha Padua akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1842 alitumwa Marekani kukagua reli zake, na aliporejea aliandika kitabu kuhusu reli ya Baltimore na Ohio, ambako aliona kwa macho yake treni za kawaida zikipanda miinuko ambayo wahandisi wa Ulaya waliiogopa. Mpango aliouandaa kwa ajili ya Semmering uliiruhusu reli kupanda mita 1 kwa kila mita 40, na kupinda katika kona zenye nusu kipenyo cha mita 190 tu, vipimo ambavyo hakuna kichwa cha treni kilichokuwapo wakati huo kingeweza kuvimudu kikiwa na mzigo wa maana. Kwa maneno mengine, Ghega alichora njia kwanza, akiamini kuwa mashine itakayoiweza itapatikana kabla ya mawe ya mwisho kuwekwa. Ni vigumu kupata katika historia ya uhandisi wa karne ya 19 mfano mwingine wa ujasiri uliojengwa juu ya hesabu kwa kiwango hiki.

Ruhusa ya kuanza kazi ilitolewa katika mwaka wa msukosuko. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa yameitikisa Vienna, mitaa yake ilijaa watu wasio na kazi, na Waziri wa Ujenzi, Andreas von Baumgartner, aliidhinisha mradi uliowapa watu hao riziki na wakati huohuo kuwaondoa katika mji mkuu. Kazi ilianza Agosti 1848, na ilipopamba moto watu wapatao 20,000, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakichimba, wakichonga na kubeba katika makorongo haya. Baruti nyeusi ndiyo iliyopasua miamba, kwa maana baruti kali ya Alfred Nobel haikupatikana hadi mwaka 1867, na sehemu kubwa iliyobaki ilifanywa kwa nyundo, patasi na mikono. Takriban matofali milioni 65 yalitumika. Handaki kuu lililo chini ya kipito, lenye urefu wa mita 1,430, lilichimbwa kutoka pande zote mbili na pia kupitia mashimo yaliyoteremshwa kutoka juu ya mlima, ili makundi mengi yafanye kazi kwa wakati mmoja.

Gharama ya kibinadamu ilikuwa kubwa, na mara nyingi husahaulika katika maelezo yanayosifu uzuri wa mahali hapa. Homa ya matumbo na kipindupindu vilienea katika mabanda ya wafanyakazi yaliyosongamana, vikaua mamia kwa mamia. Mwishoni mwa Oktoba 1850, kwenye genge la Weinzettelwand, mwamba uliporomoka na kuwaua wafanyakazi 14, na baada ya msiba huo njia iliyokuwa ipite ubavuni mwa genge iliingizwa ndani ya mwamba wenyewe. Mtembeaji anayepita leo chini ya genge hilo huyaona madirisha ya matao yaliyofunguliwa kwenye ukuta wa jiwe, na ni vyema ajue kuwa mandhari hayo anayoyapiga picha yaliamuliwa na vifo vya watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya daraja lolote.

Wakati matao yakiendelea kupanda, swali la mashine lilisubiri jibu. Mwaka 1851 serikali ilitangaza shindano katika kipande kilichokamilika karibu na Payerbach, na vichwa vinne vya treni vikajitokeza: Bavaria kutoka kiwanda cha Maffei cha Munich, Wiener Neustadt na Vindobona vilivyotengenezwa Austria, na Seraing kutoka Ubelgiji. Vyote vinne vilipanda, na kwa hilo hoja ya Ghega ilithibitishwa mbele ya mashahidi. Bavaria ilipewa zawadi ya kwanza, lakini minyororo yake, iliyopeleka nguvu kutoka gurudumu hadi gurudumu, haikustahimili kazi ya kila siku. Wilhelm von Engerth ndiye aliyetoa jibu lililodumu, kwa kuunganisha kichwa na gari lake la kuni na maji kwa kiungo kinachopinda, hivi kwamba sehemu ya uzito wa gari hilo iliyakandamiza magurudumu yanayosukuma na kuyaongezea mshiko, huku mashine nzima ikijikunja kwenye kona. Treni za mizigo zilianza kuvuka mwaka 1853, na abiria wakaruhusiwa tarehe 17 Julai 1854. Miaka mitatu baadaye reli ya kusini ilikamilika hadi Trieste, na Ghega, aliyekuwa ametunukiwa hadhi ya kiungwana kabla kazi haijaisha, alifariki Vienna mwaka 1860.

Katika njia nzima kuna madaraja makubwa 16 ya matao. Daraja la matao, kwa maana inayotumika hapa, ni daraja refu linalobebwa na nguzo nyingi zilizounganishwa kwa matao ya mawe au matofali, likiivusha reli juu ya bonde bila kuishusha na kuipandisha tena. Refu kuliko yote liko Payerbach, juu ya Mto Schwarza, lenye mita 228 na matao 13. Linalopendwa kuliko yote, na kwa haki kabisa, ni lile la Kalte Rinne, lililo katika makorongo ya Adlitz: mita 184 kwa urefu na mita 46 kwa kimo, likiwa na matao matano chini na kumi juu, nalo limepinda tangu mwanzo hadi mwisho. Ghorofa ya chini haibebi reli yoyote, na mgeni anaweza kudhani kuwa iliwekwa kwa pambo. Kazi yake ni kuzikaza nguzo katikati ya kimo chake, ili nguzo ndefu na nyembamba zisiyumbe chini ya uzito wa treni inayopiga kona, mbinu ambayo Warumi waliitumia katika madaraja yao ya kupitishia maji. Anayesimama chini huona pia kwamba nguzo zimepanuka kuelekea msingi, na kwamba mawe yaliyochongwa yanakutana na matofali kwenye mikunjo ya matao, kila kitu mahali ambapo nguvu inakihitaji. Hapana chuma kinachobeba daraja hili. Ni jiwe, tofali, chokaa na hesabu.

Hatua chache mbele liko daraja la Krauselklause, nalo la ghorofa mbili, na kando yake handaki la Krausel, ambalo kwa urefu wa takriban mita 14 ndilo fupi kuliko yote: treni huwa bado haijaingia yote wakati kichwa chake kimekwisha kutoka. Kando ya reli zimesimama nyumba za mawe za walinzi wa njia, kila moja ya ghorofa mbili, ambamo mlinzi na familia yake waliishi, akikagua reli kwa miguu na kupokezana ishara na jirani yake. Mojawapo ya nyumba hizo, karibu na Kalte Rinne, sasa ni makumbusho ya Ghega.

Reli iliyojengwa kwa ajili ya mizigo na himaya ilileta jambo ambalo wajenzi wake hawakulipanga. Ghafla mlima uliokuwa safari ya kuchosha ukawa karibu na mji mkuu, na watu wa Vienna wakaanza kuja kwa hewa safi. Kampuni ya Reli ya Kusini yenyewe ilifungua hoteli mwaka 1882, Hoteli Panhans ikafuata mwaka 1888, na Semmering ikawa mahali pa waandishi, wanamuziki na matajiri. Wenye fedha kidogo walikuja pia, na hao ndio waliolipa bonde hili desturi yake ya kudumu. Mwaka 1895 ilianzishwa Vienna jumuiya ya Naturfreunde, maana yake marafiki wa maumbile, iliyowakusanya wafanyakazi wa viwandani ili nao wapate Jumapili ya kutembea milimani, starehe iliyokuwa hadi wakati huo ya wenye nafasi. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Karl Renner, aliyekuja kuwa Kansela na kisha Rais wa Austria, na aliyekuwa na nyumba yake Gloggnitz, palepale reli inapoanza kupanda. Milima ya Rax na Schneeberg, inayoonekana kutoka kwenye reli, ikawa shule ya upandaji milima kwa vizazi vya watu wa Vienna, na haiwezekani kuieleza historia hiyo bila tikiti ya treni ya daraja la tatu.

Njia ya miguu inayofuata reli leo huanzia stesheni ya Semmering, penye mnara wa kumbukumbu ya Ghega uliojengwa mwaka 1869, na kushuka kuelekea Breitenstein na Klamm, kisha hugawanyika, tawi moja likienda Payerbach na jingine Gloggnitz. Wengi huitembea kwa kushuka na kurudi kwa treni, ingawa kuipanda kuna faida yake, kwa kuwa anayepanda huhisi kwenye magoti ule mwinuko ambao Ghega aliugawanya kwa uangalifu katika kilomita nyingi. Njia huingia msituni, hutoka kwenye malisho, hupita chini ya matao na kuibukia juu yake. Sehemu moja ya kutazamia, juu ya Kalte Rinne, inaitwa Mandhari ya Shilingi 20, kwa sababu noti ya shilingi 20 ya Austria iliyotolewa mwaka 1967 ilikuwa na sura ya Ghega upande mmoja na reli ya Semmering upande wa pili. Noti hiyo haipo tena mikononi mwa watu, lakini jina limebaki.

Mwaka 1998 UNESCO iliiandika reli hii katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na mazingira yake, na ikawa reli ya kwanza kupata heshima hiyo. Haikuwekwa humo ikiwa gofu. Ilitiwa umeme mwaka 1959, na treni za abiria na za mizigo huvuka matao yaleyale mchana na usiku, zikiwa na uzito ambao Ghega hakuuwazia. Mzigo huo unaelekea kupungua. Tangu mwaka 2012 linajengwa handaki jipya la kilomita 27.3 chini ya mlima, kutoka Gloggnitz hadi Mürzzuschlag, ambalo kwa mpango wa sasa litafunguliwa mwaka 2030 na kuchukua treni za mwendo kasi na mizigo mizito. Reli ya zamani itaendelea kutumika, hasa kwa treni za karibu na kwa wageni wa bonde, na kazi ya kuyatunza matao, ambayo maji na barafu huyatafuna kila majira ya baridi, haitapungua hata treni zikipungua. Mafundi wa mawe wanaojaza viungo vya Kalte Rinne kwa chokaa wanaifanya kazi ileile ya mwaka 1850, na watembeaji wanaosimama kuwatazama kutoka upande wa pili wa korongo ni sehemu ya sababu ya kazi hiyo kulipiwa.