Habari za Mafunzo ya Ufundi Katika Gusii



Ni desturi ya vyama kama chetu kueleza kila mwaka habari za karo na za watoto waliopelekwa shuleni. Safari hii imefaa tuandike habari za elimu ya mikono, ili tujue jinsi ilivyotufikia sisi watu wa Ekerenyo, na mahali inapokwama hata leo.

Gusii haikupata kuwa nchi isiyo na mafundi. Kabla ya Wazungu kuja, abaturi, yaani wahunzi wetu, walifua majembe na mikuki, na jirani zetu Wajaluo walileta nafaka kuyabadili. Kijana alijifunza kwa kuvuta mivukuto kando ya mkubwa wake. Hakuna aliyemwuliza cheti, maana jembe lenyewe lilimshuhudia. Lakini mlango ulikuwa mwembamba: ufundi huo ulikaa zaidi katika nyumba za wahunzi, na asiyezaliwa humo hakuupata kwa urahisi.

Kisha wakaja wamisionari, Wakatoliki Nyabururu mwaka 1911, na Wasabato Nyanchwa mwaka 1912. Makanisa na shule zilihitaji matofali, milango na madirisha, na kwa kazi hizo ukoo haukuulizwa tena. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua Kabete, karibu na Nairobi, chuo cha kuwafunza vijana Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Chuo kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa mbali na nyumbani, na nafasi zake zilikuwa chache kwa nchi nzima. Tena kilikuwa cha wavulana. Binti zetu hawakuhesabiwa.

Baada ya Uhuru shule za msingi ziliongezeka kuliko nafasi za sekondari. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza: baada ya shule, kuna nini? Katika swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ili kijana ajifunze karibu na kwao kazi inayohitajiwa na jirani zake. Watu wa Gusii nao hawakukaa kungoja. Kwa harambee walianzisha mwaka 1971 chuo cha ufundi mjini Kisii, ambacho siku hizi ni Politekniki ya Taifa ya Kisii. Tangu Katiba ya 2010, vyuo vya vijijini vimewekwa chini ya kaunti, na kwa hiyo leo twaweza kuwauliza habari zake viongozi wetu wenyewe wa Nyamira.

Basi mlango umesogea karibu. Hata hivyo vijana wengi hawaupiti. Hujifunza kwa fundi wa jua kali, wakichomelea vyuma, wakishona nguo au wakitengeneza pikipiki, kama zamani walivyojifunza wana wa abaturi. Ujuzi wanaupata, cheti hawana. Zabuni ya kujenga darasa inapotangazwa, hupewa mwenye karatasi, na mwenye mkono mwepesi huajiriwa naye kama kibarua.

Dawa yake ipo. Mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, humpokea hata aliyejifunza karakanani, na mwaka 2024 serikali ilizindua utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Linalomzuia kijana mara nyingi ni ada, nauli, na kutojua aanzie wapi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wayafikiri haya katika mkutano mkuu: fungu la fedha za elimu litengwe kwa ada ya mitihani hiyo, mafundi wetu waandikwe majina, na kila mmoja aombwe kumpokea mwanagenzi mmoja asiye wa nyumba yake, na wasichana wapewe nafasi sawa. Mzee mhunzi alimfunza mwanawe. Kazi yetu ni kumfunza mtoto wa jirani.