Waraka wa Pauli

Muulize Mkenya karatasi za kale za serikali zimewekwa wapi, atakuelekeza Moi Avenue, Nairobi, kwenye Makavazi ya Kitaifa. Mtanzania atakutajia Nyaraka za Taifa. Makavazi ni neno zuri, lina uzito wa kabati la chuma, ila mimi nikiambiwa nichague nitabaki na waraka. Waraka ni karatasi ya ofisini, na ni barua pia. Wengi wetu tulilizoea kanisani: Waraka wa Paulo kwa Warumi, kwa Wagalatia, kwa Waefeso. Ndiyo maana nilicheka peke yangu niliposoma habari za karatasi za Wolfgang Pauli.

Pauli alikuwa profesa wa fizikia mjini Zürich. Alifariki Desemba 1958, na mjane wake, Franca, akazikabidhi karatasi zake kwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva. Katika barua zake zote, inayotajwa sana ni ya tarehe 4 Desemba 1930. Wenzake walikuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani. Yeye hakwenda, kulikuwa na dansi Zürich. Akawaandikia waraka, akawaamkia kwa utani kama mabibi na mabwana wenye mnururisho, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe. Kuna atomi ambazo zikitoa elektroni, hesabu ya nishati haitimii, kama duka ambalo pesa za jioni hazilingani na bidhaa zilizotoka. Pauli akasema huenda ipo chembe isiyo na chaji, ambayo hakuna aliyeiona, inayoondoka na kile kinachopungua. Akaiita nyutroni.

Jina hilo alinyang'anywa. Mwaka 1932 James Chadwick, akiwa Cambridge, aligundua chembe nyingine isiyo na chaji, nzito karibu sawa na protoni, nayo ikaitwa nyutroni. Ile ya Pauli ikabaki njiani bila jina, hadi kule Roma, katika kundi la Enrico Fermi, kijana Edoardo Amaldi alipofanya mzaha. Kwa sikio la Mwitaliano, neutrone inaishia kama maneno ya ukubwa, mithili ya jitu au jumba kwetu. Basi kile kidogo kiwe neutrino. Fermi akaupenda mzaha, akausambaza, na dunia nzima ikaufuata.

Sisi tunasema nyutrino. Tumelibeba neno na mkia wake, na mkia huo hautuambii kitu, kwa sababu Mswahili hudunisha neno kwa kichwa. Tungesema kinyutroni? Hapo naona mashaka. Ki- ina kazi nyingi mno: mtu hucheza kitoto, huvaa kizungu, hutembea kizee. Kinyutroni ingeweza kumaanisha mwendo wa nyutroni, desturi zake, hata lugha yake.

Ipo ka-. Nilipokuwa darasa la sita, katika shule nitakayoiacha bila jina, nilianza insha yangu hivi: "Katoto kalipotea sokoni Kitui." Ilirudi imezungushiwa wino mwekundu pande zote. Hicho si Kiswahili, niliambiwa, hicho ni Kikamba kilichovaa kanzu. Kweli, nyumbani mtoto mchanga ni kana, wakiwa wengi ni twana, na sungura wa hadithi, yule mdogo anayewashinda wakubwa wote, ni kavaluku. Lakini katoto na tutoto utavisikia katika kila matatu ya bara, na abiria wote wanaelewa. Mzaha wa Roma ukipita Ukambani unatoka mzima: kanyutroni kamoja, tunyutroni twingi. Wala sitaki wino mwekundu mara ya pili.

(Chembe yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya mchanga, na ni ncha ya mshale pia. Kwa watu waliosifika kwa uta kama Wakamba, chembe ndiyo inayopenya.)

Agosti iliyopita nilikuwa na mjukuu wangu kwenye mto Kaiti, Makueni. Yuko kidato cha tatu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, lakini hapo pana ukuta wa zege uliokatiza mto, na nyuma ya ukuta mchanga umejaa, maji yakajificha kati ya chembe zake. Tulichimba hadi kwenye kiwiko. Maji yakaanza kukusanyika polepole, mimi nikiteka kwa kata na kumimina mtungini, punda akingoja. Nikamsimulia habari za Pauli: jinsi Reines na Cowan walivyozinasa chembe zake kando ya kinu cha nyuklia Marekani, wakamtumia simu ya maandishi Juni 1956, yeye akiwa bado hai, na kwamba zinazotoka Juani pekee, zaidi ya bilioni 60 hupenya kila sekunde mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, zikapita mwilini, mchangani, kwenye jiwe, hadi upande wa pili wa dunia.

Alinyamaza. Mtungi ulikuwa umeshajaa, jua linashuka.

"Susu," akasema, "tunapita saa hii?"

Mpaka leo sijui kama aliuliza habari za tunyutroni, au alikuwa anataka turudi nyumbani.