Kegi ya Waingereza na kegi ya kwetu

Leo ni habari ya bia, kwa hiyo wale wa soda mnivumilie kidogo.

Hapa Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London, mwambie mzee wa Kiingereza anayependa bia kwamba kwenu watu hunywa kegi. Atakunja uso kama umemwambia mnakunywa maji ya mtaro. Kwetu Kenya, kegi ni kinywaji cha mtu wa kibarua, na hakuna anayeionea haya. Pipa la chuma ni lile lile. (Kingsbury ina wazee wengi wa Kigujarati waliotoka Nairobi na Kampala, na Kiswahili chao cha dukani bado kiko moto. Lakini wengi ni waumini wa hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa hapa 2014, na pombe hawagusi. Kwa mada hii hawanisaidii!)

Bia ya zamani ya Waingereza hukaa kwenye pipa ikiwa bado hai. Hamira inaendelea kufanya kazi humo ndani, na mhudumu huivuta kutoka chumba cha chini kwa mpini wa mkono. Pipa likishafunguliwa, baada ya siku chache bia imeharibika. Kampuni ya Watney ikaleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto kuua hamira, ikasukumwa kwa gesi. Hiyo ndiyo kegi yao, Red Barrel. Kuitunza hakutaki ujuzi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, kampuni kubwa sita zilikuwa zimemeza viwanda vingi vidogo na kumiliki maelfu ya baa, basi mnywaji akanywa alichowekewa.

Mwaka 1971 vijana wanne wakiwa likizoni Ireland wakaanzisha chama cha kutetea bia ya zamani, CAMRA. Silaha yao iliyouma zaidi ni kitabu. Good Beer Guide ya 1974 ilimwambia msomaji aikimbie Watney kama tauni, mpaka wachapaji wakaogopa kesi na maneno yakalainishwa. Mpaka leo baa za kuingia kitabuni huchaguliwa na wanachama wa kawaida, wanaozunguka mitaani kwao wakionja. Halafu 2002 serikali ikapunguza kodi ya bia kwa nusu kwa viwanda vidogo kabisa. Sasa nchi hii ina viwanda vya bia zaidi ya 1,000.

Kwetu hadithi ilianzia kwenye maiti. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2004 East African Breweries wakatoa Senator, bia ya pipa ya bei ya chini, baada ya serikali kukubali kuisamehe kodi ili watu waache sumu. Ikashika, na baadaye mkulima wa mtama akapata soko. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya kodi. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na walevi wakarudi vichochoroni. Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa tena kwa methanoli. Nafuu ya kodi ikarudishwa baadaye.

Mimi siilaumu Senator, imeokoa watu. Ninachouliza ni kwa nini nafuu Uingereza ilimfuata mtengenezaji mdogo, na kwetu ikaenda kwa kampuni kubwa kuliko zote.

Maana busaa, ya mahindi na wimbi, ni bia hai kwa kipimo chochote cha wazee wa CAMRA. Haina gesi ya kusukumwa, haipiti mtambo wowote, ikikaa siku mbili tatu imeshaharibika. Lakini mama anayeipika anajuana na askari tu. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa 1980. Sheria ya 2010 ikairuhusu, kwa masharti kwamba iuzwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Sasa mama wa Kakamega mwenye sufuria moja na watoto wa kulipia karo, mtambo wa chupa angeutoa wapi? Akaendelea kupika usiku kama zamani. Na mnywaji, asiye na kitabu cha kumwambia kwa nani ni safi na kwa nani ni sumu, akaendelea kumuuliza jirani.