Kunyanyua vyuma kunadumaza? Jibu linaanzia Kariakoo

Kama umekulia Jangwani, Gerezani au Kariakoo, sentensi hii unaijua: "We mtoto, acha hivyo vyuma, utadumaa!" Vyuma vyenyewe labda ni bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa zege, uani kwa mtu. Aliyekuonya ni mama, shangazi, pengine hata mwalimu. Je, wana hoja? Wanayo nusu. Ili tuione nusu hiyo, tuanze na jina la Kariakoo.

Wajerumani walijenga soko pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka kwa namna yao: Kariakoo.

Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliangamiza farasi na ng'ombe, kwa hiyo mahitaji ya jeshi yalisafiri vichwani mwa watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25, siku baada ya siku, kwa chakula kidogo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi kama kuhara na malaria. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa 1927, inaonyesha askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi yake.

Sasa fikiria: kama kubeba uzito peke yake kungejenga mwili, watu hawa wangerudi mabaunsa. Haikuwa hivyo, kwa sababu misuli haijengeki wakati unabeba. Wakati huo unaichosha tu. Inajijenga baadaye, ukishakula na kulala, na vyote viwili mpagazi alivikosa.

Na mifupa je? Karibu na ncha za mifupa mirefu ya kijana kuna tabaka la gegedu, tuliite bamba la ukuaji. Hapo ndipo mfupa unaporefukia, mpaka mwishoni mwa balehe bamba hilo linapogeuka mfupa kamili. Ni laini kuliko mfupa wenyewe, na likiumia vibaya linaweza kuharibu ukuaji. Kwa hiyo hofu ya mama haikutoka hewani.

Mwaka 1964, kwenye mkutano wa sayansi ya michezo Tokyo, watafiti Kato na Ishiko walieleza habari za watoto wa maeneo ya ndani ya Japani waliofanya kazi nzito na kukua wafupi. Ripoti hiyo bado hutajwa kama ushahidi kwamba vyuma vinadumaza. Lakini angalia vizuri: wale walikuwa watoto vibarua, si wanamichezo. Ukichanganya mizigo mizito, saa nyingi za kazi na maisha magumu, huwezi kusema kwa uhakika ni kipi kati ya hivyo kilichowadumaza.

Tafiti za baadaye ziliwaangalia vijana wanaofundishwa na kusimamiwa. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja, na mwaka 2020 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kikatoa mwongozo wake. Ujumbe ni mmoja: mazoezi ya nguvu yanayofanywa kwa ufundi sahihi hayadumazi, na yanasaidia kupunguza majeraha michezoni. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri wenye miaka 5 hadi 17, wavulana na wasichana, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Tofauti iko wapi? Mpagazi hachagui uzito. Anayeuchagua ni mwenye mzigo. Gunia likija lumbesa, analibeba hivyo hivyo, mgongo ukipinda shauri yake. Wewe kwenye tizi unachagua. Anza na mwili wako: pushapu, kuchuchumaa na kusimama. Ukishika chuma, anza na kile unachoweza kukirudia mara 10 hadi 15 bila kupindapinda. Ongeza kidogo kidogo, pumzika siku moja katikati, na usishindane na wenzako nani ananyanyua kizito zaidi. Kama hujabalehe na kifua hakijai, usikate tamaa: katika umri huo nguvu huongezeka zaidi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na Kariakoo bado mizigo inapita migongoni mwa watu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari. Kwa hiyo ukimwona mdogo wako na makopo ya zege, msogelee umwelekeze. Ukimwona chini ya lumbesa, hapo ndipo zile kelele za mama zinapohitajika.