Jimbo la Ngong: Parokia Zetu na Maaskofu Wake



Halmashauri imeniagiza niandike katika taarifa hii habari za Kanisa Katoliki katika nchi ya Kajiado. Wengi wetu tulio Kitengela twasali kila Jumapili, na riziki zetu zatoka Nairobi, ila hatujui kwa nini askofu wetu si yule wa Nairobi bali ni wa Ngong.

Sababu yake ni ng'ombe na malisho. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamasai kutoka Bonde la Ufa na Laikipia, ikawakusanya kusini, katika nchi ambayo baadaye ilikuwa wilaya za Narok na Kajiado. Kanisa nalo lilifuata mipaka hiyo. Tarehe 20 Oktoba 1959, katika enzi ya Baba Mtakatifu Yohane XXIII, iliundwa Prefektura ya Kitume ya Ngong, wakakabidhiwa Mapadre wa Mill Hill. Msimamizi wa kwanza alikuwa Padre Joannes de Reeper, Mholanzi, aliyeondoka mwaka 1964 kuwa Askofu wa Kisumu. Nafasi yake ilishikwa na Padre Colin Davies, naye akaiongoza nchi hii kwa miaka 38.

Kazi ya siku hizo ilikuwa ngumu kuliko tunavyodhani. Parokia hutaka watu waliotulia mahali pamoja, ilhali Mmasai wa wakati ule alitulia pale mvua ilipomruhusu. Katekista aliyefundisha katika manyata moja wakati wa majani mabichi aliweza kurudi wakati wa kiangazi asikute ila majivu na boma tupu. Kwa hiyo ilimpasa padre kuwafuata watu, na kujifunza Kimasai, kabla ya kutumaini kujenga kanisa la mawe.

Mwezi wa Desemba 1976 Ngong ilifanywa jimbo kamili, na Davies akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka uleule maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakakaza shauri la Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Shauri hilo, naona mimi, lilitufaa sisi kuliko wengi.

Maana Kitengela ilikuwa inakuja. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake, wengine wakauza. Viwanda vya kuuza bidhaa nje vikafunguliwa Athi River katika miaka ya 1990. Wakaja watu kutoka Machakos, Murang'a, Siaya na Kisii, wengi wao wakiwa wamekwisha kubatizwa makwao, na hesabu ya mwaka 2019 ikakuta zaidi ya watu 154,000 katika mji huu. Hapa padre hakuwatafuta watu. Watu ndio waliomtafuta padre, wakasali nyumbani kwa mpangaji mmoja leo na kwa mwingine juma lijalo.

Mzee mmoja wa Kimasai aliniambia kwamba zamani Kanisa lilijifunza lugha yake, na sasa yeye ndiye ajifunzaye lugha ya Kanisa. Alisema bila hasira. Nilikosa jibu, na hata sasa sinalo.

Askofu Davies alistaafu mwaka 2002, akafariki mwaka 2017. Alifuatwa na Cornelius Schilder, naye Mholanzi wa Mill Hill, aliyejiuzulu mwezi wa Agosti 2009. Jimbo lilikaa zaidi ya miaka 2 bila askofu wake. Mwezi wa Januari 2012 aliteuliwa John Oballa Owaa, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Majina ya maaskofu yamekwisha kuandikwa. Yasiyoandikwa ni ya makatekista waliotembea kwa miguu, na ya wenye boma waliotoa mti wao kuwa mahali pa Misa. Mzee yeyote ayakumbukaye, wa Kajiado au wa Kitengela, tafadhali amwone Katibu kabla ya mkutano mkuu ujao. Asiyejua kuandika na aje tu. Katibu ataandika kwa mkono wake.