Ajali, Sadfa na Kutokusudia: Jinsi Kipolandi Kilivyoligawa Neno Moja la Kiingereza

Neno la Kiingereza "accident" ni miongoni mwa maneno ambayo mfasiri hayatafuti katika kamusi, kwa kuwa anaamini anayajua. Gari likipinduka, hiyo ni "accident". Mtu akimkanyaga mwenziwe mguu katika msongamano, amefanya hivyo "by accident". Akimkuta sokoni rafiki ambaye hawajaonana kwa miaka kumi, hilo nalo laweza kuitwa "by accident", ingawa hakuna aliyeumia wala aliyekosa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "cadere", yaani kuanguka: jambo limemwangukia mtu. Kiingereza kililipokea kwa njia ya Kifaransa, kikalibebesha mizigo yote mitatu.

Kipolandi kiliichukua picha ile ile ya kuanguka, lakini kikaigawa. Kutokana na kitenzi chake "paść", kikawa na "przypadek", kilichoangukia karibu, na "wypadek", kilichoangukia nje. Leo "wypadek" ndiyo ajali ya gari au ya kiwandani. "Przypadek" ni jambo lililotukia pasipo mpango. Tena ndilo jina la hali za nomino katika sarufi, kwa kuwa wanasarufi wa Kilatini nao waliziita hali hizo "casus", yaani anguko. Hivyo mwalimu wa Warszawa anayefundisha hali saba za nomino na daktari anayewaeleza wenzake habari za mgonjwa hutumia neno moja, wala hakuna anayetatizika.

Kwa mguu uliokanyagwa Mpolandi ana neno lingine, "niechcący", ambalo kwa asili ni "asiyetaka". Limeganda katika umbo moja. Mwanamume, mwanamke na mtoto hulitamka sawasawa. Anayelisema anaeleza nia yake, hali anayesema "przypadkiem" anaeleza jinsi mambo yalivyotokea. Mpaka huo haukuchorwa kwa wino: "przypadkiem" yaweza kutumika hata kwa mguu uliokanyagwa. Lakini mtu akisema amekutana na rafiki yake "niechcący", wasikilizaji watacheka.

Mkurugenzi wa filamu Krzysztof Kieślowski alitengeneza mwaka 1981 filamu aliyoiita "Przypadek", ambayo ilizuiwa na haikuonyeshwa hadharani hadi 1987. Kijana anakimbilia treni, na maisha yake yanasimuliwa mara tatu, kwa kadiri alivyoiwahi au kuikosa. Kwa Kiingereza filamu hiyo iliitwa "Blind Chance". Aliyechagua jina hilo alitambua kwamba "Accident" lingewafanya watazamaji waingojee treni ianguke. Nasi tukiiita "Ajali" tutawapotosha vivyo hivyo. "Sadfa" lingefaa zaidi.

Hata hivyo, mgawanyo wenye uzito hasa ulifanywa katika sheria. Polandi ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria hadi ikafutika katika ramani mwaka 1795. Ilipopata uhuru tena mwaka 1918, ilijikuta na kanuni tatu za adhabu zilizoandikwa na wageni: ya Austria ya 1852, ya Ujerumani ya 1871 na ya Urusi ya 1903. Tume ya kutunga sheria mpya iliundwa mwaka 1919, na miongoni mwa waliofanya kazi kubwa zaidi katika sheria ya jinai alikuwa Juliusz Makarewicz, profesa wa Lwów. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo ilianza kutumika mwezi Septemba 1932. Watunzi wake walihitaji istilahi moja ambayo hakimu wa kila upande wa nchi angeielewa vile vile.

Walishika maneno mawili yatokanayo na "umysł", yaani akili: "umyślnie", kwa makusudi, na "nieumyślnie", bila makusudi. (Neno "umyślny" lilitumika pia kwa tarishi aliyetumwa kwa shughuli maalumu, wazo ni lile lile la jambo lililokwisha kuamuliwa akilini.) Jambo la kuzingatia ni kwamba "nieumyślnie" si neno la kumsafisha mtu. Linamhusu aliyeiona hatari akadhani pasipo sababu kwamba ataiepuka, na pia asiyeiona ingawa aliweza kuiona au alipaswa kuiona. Ikiwa hapakuwa na njia yoyote ya kuitambua hatari hiyo, hapo ndipo wanasheria wanaposema "przypadek", na hapana kosa la jinai. Kanuni ya 1969 na ile ya 1997 zimeufuata msingi huo.

Sasa mfasiri alitie neno la Kiingereza "manslaughter" katika mpango huu. Katika sheria yenye asili ya Kiingereza neno hilo hukusanya vifo vya namna mbalimbali: aliyesababisha kifo kwa uzembe mkubwa yumo, na aliyeua kwa kukusudia lakini kwa hasira ya kuchokozwa naye yumo. Kwa Kipolandi hao wawili hawakai chumba kimoja. Wa kwanza "amesababisha kifo nieumyślnie". Wa pili amefanya "zabójstwo", yaani ameua hasa, ingawa adhabu yake hupunguzwa kwa sababu ya mfadhaiko wake. Mfasiri wa Kipolandi hana budi kusoma kesi nzima kabla ya kuandika neno moja.

Sisi tumezoea kuandika "kuua bila kukusudia", na hapo nadhani tumekosea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ya Kenya, inamhesabu aliyeua kwa kuchokozwa katika kosa hilo hilo, na mtu huyo pengine alikusudia kabisa. Jina tulilompa kosa lake linasema uongo. Zaidi ya hayo, Kanuni hizo zinamwondolea hatia mtu ambaye tendo lake lilitokea kwa ajali. Naye pia, kwa Kiswahili cha kawaida, ameua bila kukusudia! Wawili wenye hatia na mmoja asiye na hatia tumewavika kanzu moja. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipowekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kosa hili si la darasani tena. Napendekeza "kuua pasipo dhamira ovu", kwa kuwa ndiyo tofauti ambayo sheria yenyewe inaiweka, na "kwa ajali" ibakie kwa asiye na hatia.

Neno "ajali" lenyewe lilitoka mbali. Katika Kiarabu "ajal" ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kufa. Kwa hiyo lilianza kwa maana iliyo kinyume kabisa cha sadfa. Wasemao "ajali haina kinga" bado wanaligusa jambo hilo. Nalo "ghafula" lilikuwa kutoangalia kabla halijawa upesi. Maana hiyo ya kwanza imehifadhiwa katika "kughafilika", na sioni neno bora kuliko "kwa kughafilika" kwa ajili ya "inadvertently".

Liko pia jambo ambalo Kiswahili na Kipolandi hulifanya kwa kitenzi, Kiingereza kikihitaji kuongeza neno. Mpolandi husema "szklanka mi się stłukła": glasi imejivunjikia, nami nimepatwa. Sisi husema ufunguo umenipotea, kikombe kimeniponyoka. Katika mahakama za Kenya, ambako kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, mshtakiwa akisema "panga liliniponyoka", mkalimani mwenye haraka humfanya aseme kwamba yeye aliliangusha panga. Mtendaji amebadilika, na hakimu anayesoma hana njia ya kujua. Mkalimani aandike kwamba panga liliteleza likatoka mkononi, hata kama sentensi itakuwa ndefu.