Chumba cha Wenye Nyumba: Juu au Chini?

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, chini palikuwa na duka au ghala, wageni wakipokewa barazani, na wenyewe walilala juu. Huko walipata faragha na upepo wa bahari.

Hapa Maskati nyumba nyingi za ghorofa zina mpango unaokaribiana na huo: majlisi na jiko chini, vyumba vya kulala juu. Faragha ipo, kwani mgeni hapiti mlangoni pa chumba cha mtu. Lakini joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na paa bapa la zege hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Kabla ya kujenga, muulizeni mkandarasi paa litawekewa kinga gani ya joto.

La pili ni ngazi. Mimi nimeshapita miaka sabini. Nilipopasuliwa goti nililala majlisini wiki sita, watoto wakikunja godoro kila mgeni alipobisha hodi.

Kwa hiyo nashauri: chumba kikuu kiwe juu mkipenda, ila chini pawe na chumba kimoja chenye choo na bafu lake, mbali na majlisi, na mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu. Ngazi ziwe na vipandio vifupi na pa kushikilia pande zote mbili. Leo chumba hicho kitakuwa cha bibi au cha mgeni kutoka Unguja. Kesho kitakuwa chenu.